"Mlango wa Nyuma": Nahau ya Kiingereza na Historia ya Kuingia Mpakani Busia

Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri tulilowapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kulikuwa na sentensi fupi ya Kiingereza iliyosema kwamba bidhaa fulani ziliingia nchini "by the back door". Karibu wanafunzi wote waliandika "kwa mlango wa nyuma". Mmoja tu, mzaliwa wa Dabani katika Wilaya ya Busia, Uganda, alikuwa ameandika "kwa njia ya panya", kisha akayafuta maneno hayo na kuandika kama wenzake. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwamba njia ya panya ndiyo anayopita nyanya yake akienda matangani kwa ndugu zake upande wa Kenya, naye hakutaka nyanya yake aitwe mfanya magendo ndani ya daftari la chuo.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wengi wetu tumezoea kufundisha nahau kama orodha: huku Kiingereza, huku Kiswahili, na katikati alama ya usawa. Lakini nahau ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo inaamua nani atasifiwa na nani atalaumiwa. Tutaanza na maana ya nahau hii ya Kiingereza na nyumba iliyoizaa. Kisha tutaangalia mlango wa nyuma katika nyumba ya Mswahili. Halafu tutafuata historia ya kuingia katika eneo la Busia na Tororo, ambako neno hili liligharimu hata maisha ya watu. Mwisho tutarudi darasani.

Maana ya nahau na nyumba iliyoizaa

Kuingia "by the back door" kwa Kiingereza ni kupata nafasi, cheo au ruhusa kwa njia isiyo ya wazi. Aliyeajiriwa kwa sababu ya mjomba wake ameingia kwa mlango wa nyuma. Sheria iliyokataliwa bungeni mchana ikarejeshwa usiku ndani ya mswada mwingine, nayo imeingia kwa mlango wa nyuma. Kiini cha maana ni mambo mawili: kwanza, upo mlango halali ambao kila mtu anaujua, pili, mwenye kuingia ameukwepa kwa makusudi.

Sitiari hii inatokana na aina fulani ya nyumba. Nyumba ya tajiri wa Kiingereza ilikuwa na mlango wa mbele kwa mwenye nyumba na wageni wake, na mlango wa nyuma kwa watumishi, wachuuzi na wapeleka mizigo. Mlango wa nyuma ulikuwa mlango wa wadogo. Aliyestahili mbele akipita nyuma, alikuwa na la kuficha.

Nyumba hiyo haikubaki Uingereza. Wakoloni waliijenga Nairobi, Entebbe na penginepo, pamoja na vyumba vya watumishi ambavyo hadi leo watu wengi huviita boi kota. Mpishi aliingia kupitia jikoni. Wengi wa babu zetu walioonja mara ya kwanza tofauti ya milango hiyo miwili waliionja wakiwa wamebeba kuni au maji. Kwa hiyo nahau hii ilifika Afrika Mashariki ikiwa tayari imejengwa kwa matofali kabla ya kuandikwa kwa wino.

Mlango wa uani

Je, mlango wa nyuma katika nyumba ya Mswahili una aibu? Tuangalie nyumba ya mwambao. Mbele kuna baraza, ambapo wanaume hukaa, huzungumza na kupokea wageni. Nyuma kuna ua, ambapo kazi za nyumbani hufanyika na wanawake hukutana. Mgeni wa kiume asiye jamaa huishia barazani. Jirani wa kike, shangazi, wifi, mtoto wa ndugu: hawa huingilia uani. Lamu, nyumba zilizoelekeana huweza hata kuunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililopita juu ya kichochoro, ili watu wa nyumba hizi mbili wapitiane bila kutoka nje.

Katika nyumba hiyo, basi, anayepita nyuma ndiye wa karibu zaidi. Mlango wa mbele ni wa heshima, lakini pia ni wa wageni. Mlango wa uani ni wa jamaa. Mwanafunzi anapotafsiri "back door" kuwa "mlango wa nyuma" huku akikusudia udanganyifu, anaeleweka, kwa sababu magazeti yetu yamekwisha uzoea msemo huu. Hata hivyo ajue kwamba amekopa nyumba nzima, pamoja na aibu iliyokaa mlangoni pake.

Kiswahili chenyewe hakitofautishi halali na haramu kwa upande wa nyumba. Kinatofautisha kwa hodi. Mtu akiingilia mbele bila hodi amekosa adabu. Akiingilia nyuma akapiga hodi na kuitikiwa "karibu", hana kosa. Desturi hii imesambaa mbali na mwambao: Waganda nao husema "koodi" wanapofika mlangoni kwa mtu. Kwa hiyo swali la Kiswahili si "Umepita mlango upi?" bali ni "Umebisha? Nani amekuitikia?"

Tushike tofauti hiyo, kwa maana itatusaidia kuelewa yaliyotokea Busia.

Mlango wa nyuma wa Buganda

Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza wamezoea kuiita Busoga mlango wa nyuma wa Buganda. Sababu yake ni hii. Katika karne ya 19 wageni waliofika kwa Kabaka walitoka kusini. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipitia Tabora na Karagwe tangu miaka ya 1840. Wamishonari wa kwanza wa Kianglikana waliofika mwaka 1877, na wale Wakatoliki wa 1879, nao walitokea kusini na kuvuka ziwa. Huko kusini Kabaka aliwajua wanaokuja kabla hawajafika. Aliweza kuwakawiza, kuwaalika au kuwakataa. Mlango ulikuwa na bawabu.

Mashariki ilikuwa habari nyingine. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa ilikuwa imeanza kufika kwa Wawanga, mahali palipoitwa Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883 na kuendelea hadi ukingoni mwa ziwa katika nchi ya Wasamia, kisha akarudi. Kutoka hapo hadi mto Naili hapakuwa mbali. Na katika Buganda watu walikuwa wakiamini kwamba watakaoila nchi watatokea mashariki.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliamua kupita njia hiyo, kwa kuwa ilikuwa fupi na yenye afya zaidi kuliko ile ya kusini. Alifika Kwa Sundu mwezi Oktoba. Akaacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya kasisi Mwafrika, William Jones, akaendelea na watu wapatao 50. Alielekea magharibi, akizikata nchi zilizoko baina ya mto Nzoia na Busoga, ambazo ni ujirani wa Dabani ya leo. Huko Busoga, katika eneo la chifu Luba, alikamatwa. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa wapagazi wake waliuawa pamoja naye.

Kwa Hannington njia ile ilikuwa barabara tu, tena bora. Kwa Mwanga, ambaye mwaka huohuo alikuwa amepata habari za Wajerumani kunyakua nchi pwani, ilikuwa ni mtu anayeingia nyumbani bila hodi kutoka upande usio na bawabu. Hatusemi hivyo ili kuhalalisha mauaji. Wapagazi wale hawakuwa wamechagua njia. Tunasema tu kwamba hakuna aliyekuwa na makosa kuhusu jiografia: mlango ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa mbele kwa mmoja na wa nyuma kwa mwingine.

Miaka mitano baadaye Kapteni Frederick Lugard alikuja kwa njia hiyohiyo ya mashariki. Desemba 1890 alivuka mto Naili bila kungoja ruhusa ya Kabaka, akapiga kambi katika kilima cha Kampala. Yeye alikuwa na bunduki, na kabla mwaka haujaisha mkataba ulikuwa umetiwa saini. Tukitumia kipimo cha hodi, Lugard ndiye mfano dhahiri wa kuingia kusiko halali. Lakini vitabu vya Kiingereza havisemi kwamba Waingereza waliingia Uganda kwa mlango wa nyuma. Aliyeshinda huhamisha mlango wa mbele, akauweka pale alipopitia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile iliyopitia Malaba na Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo mashariki imekuwa mlango mkuu wa Uganda.

Lipo neno jingine la Kiswahili lililogeuzwa na historia hiyo. Zama za misafara, hongo lilikuwa ada ambayo mkuu wa msafara alimlipa mtawala wa nchi hadharani ili apitishwe. Watu waliteta juu ya kiasi chake, lakini haikuwa siri. Kwa maneno mengine, hongo lilikuwa hodi yenye bidhaa ndani yake. Baada ya serikali za kikoloni kuchukua mamlaka ya machifu ya kutoza wapitaji, neno lilibaki bila kazi yake ya awali, na leo hongo ni rushwa. Mwalimu anayesoma na wanafunzi wake habari za misafara asipolieleza hili, wanafunzi watadhani kila mtawala wa karne ya 19 alikuwa mla rushwa.

Mpaka unapita katikati ya nyumba

Hadi mwanzoni mwa mwaka 1902 Dabani na nchi zote za mashariki yake hadi Naivasha zilikuwa chini ya Himaya ya Uganda. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, sababu mojawapo ikiwa kuiweka reli yote chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 amri ya Mfalme wa Uingereza ilieleza mpaka huo kwa kirefu, ukifuata, pamoja na alama nyingine, mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha.

Mto ni alama nzuri kwa mchora ramani. Kwa wakazi wa kando yake, mto ni mahali pa kuteka maji, na ng'ambo kuna shemeji. Wasamia walijikuta pande mbili. Wateso vilevile. Mtu aliyeoa ng'ambo ya Sio hakuvuka kwenda ugenini, alikwenda ukweni. Vijia alivyopita vilikuwapo kabla ya mpaka. Kwa lugha ya nyumba ya mwambao, hiyo ilikuwa milango ya uani.

Kwa miaka mingi serikali hazikujali sana. Himaya zote mbili zilikuwa za Mwingereza mmoja. Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi wengi Wakenya kutoka Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Kijia cha kwenda kwa shemeji kikawa, bila kusogea hata hatua moja, njia isiyo halali.

Magendo, boda na panya

Miaka hiyo ya 1970 ndiyo iliyolipa eneo hili msamiati wake. Baridi kali iliyoharibu mikahawa Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani. Mkulima wa Uganda hakuipata bei hiyo, kwa kuwa bodi ya serikali ilimlipa kidogo, tena kwa shilingi iliyokuwa ikiporomoka. Kahawa ikahama kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori hadi masoko ya Kenya kama Chepkube, chini ya mlima Elgon. Neno la Kiswahili magendo likapata uraia katika Kiingereza na Kiganda cha Uganda, likiwa jina la uchumi mzima wa wakati ule. Matajiri wapya wakaitwa "mafuta mingi". Mwalimu wa sarufi atasema ilipasa kuwa "mafuta mengi", na atakuwa na haki. Lakini historia imekwisha andika kwa upatanisho wake yenyewe.

Neno la pili ni bodaboda. Inasimuliwa kwa kawaida kwamba lilizaliwa Busia. Baina ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na mwendo, na magari ya abiria hayakuvuka kwa urahisi. Vijana wenye baiskeli waliwabeba wasafiri na mizigo yao, wakiita kwa Kiingereza "border, border", yaani mpakani hadi mpakani. Baiskeli ikawa pikipiki, na neno likaenea Afrika Mashariki yote hadi kwa watu wasiopata kuuona mpaka. Utohozi huu unastahili kufundishwa: neno la Kiingereza la kutenganisha nchi limekuwa neno la Kiswahili la kuwafikisha watu waendako.

Neno la tatu ni njia ya panya. Sitiari yake ni nyepesi: panya hapiti mlangoni, hupita tunduni. Kwa watu wa forodha ni njia ya magendo. Lakini mjini Dar es Salaam dereva akikwepa foleni kwa kukata vichochoro husema amepita njia za panya, na hakuna askari atakayemkamata kwa kauli hiyo. Hapohapo Dar es Salaam jina "Panya Road" liliwahi kutisha watu kama jina la vijana wahalifu, hasa mwaka 2015 na tena 2022. Maana tatu, mnyama mmoja. Na magazeti ya Kiingereza ya Kampala na Nairobi leo huandika "panya routes". Yaani Waingereza wametukopesha mlango wa nyuma, nasi tumekikopesha Kiingereza cha kwetu panya.

Msemo huu ulisikika zaidi kuanzia Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa abiria kwa sababu ya ugonjwa wa Korona huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Mizigo ilikuwa na mlango, watu hawakuwa nao. Aliyefiwa ng'ambo ya pili alikuwa na njia moja tu.

Haya yote hayamaanishi kwamba hakuna magendo Busia. Yapo, na mwenye kuvusha dawa bandia usiku hana ukwe wa kusingizia. Aidha, milango halali imeboreshwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 Rais Museveni na Rais Kenyatta walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja na msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Huo ni mlango wenye hodi na karibu mahali pamoja. Lakini nyanya wa mwanafunzi wetu ni lazima kwanza aufikie, na kijia kinaanzia nyuma ya jiko lake.

Turudi darasani

Tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaofundisha tafsiri.

Kwanza, mwanafunzi aulizwe aliyeingia amekwepa nini. Kama ni mtihani au usaili wa kazi, "mlango wa nyuma" unafaa, na umekwisha zoeleka. Kama palikuwa na fedha mkononi, Kiswahili kina "kuzunguka mbuyu". Kama mtu amejificha melini au ameingia karamuni bila mwaliko, kuna "kuzamia". Nahau moja ya Kiingereza yaweza kudai nahau nne za Kiswahili.

Pili, aulizwe nani anayesema. "Njia ya panya" ikitoka kwa ofisa wa forodha ni shutuma. Ikitoka kwa mkazi wa Dabani yaweza kuwa jina la njia tu, kama vile "njia ya kisimani". Mfasiri asiyejua msemaji atamhukumu mtu asiye na kosa.

Tatu, pale ambapo nahau yoyote ingeongeza hukumu ambayo matini ya asili haina, mwanafunzi aruhusiwe kusema wazi. "Alivuka pasipo kituo" si sentensi tamu, lakini ni ya haki.

Hitimisho

Tumeona kwamba mlango uleule ulikuwa barabara kwa Hannington, tishio kwa Mwanga, ushindi kwa Lugard, na sasa ni kituo cha pamoja kwa wafanyabiashara wa Jumuiya. Tumeona pia kwamba kijia kilekile kimekuwa njia ya ukweni, kisha njia ya panya, bila kuhama. Milango haina mbele wala nyuma yenyewe; mwenye nyumba ndiye huamua, na nyumba hubadilisha wenyewe.

Mwanafunzi wetu tulimrudishia daftari na kumpa alama kamili kwa jibu alilolifuta. Pembeni tuliandika swali: kwa lugha ya kwenu, njia ile inaitwaje? Wiki iliyofuata alituletea jibu, baada ya kumpigia simu nyanya yake. Nyanya alishangaa kuulizwa. Alisema haina jina. Ni njia ya kwenda kwa dada yake.

Tunawaalika wasomaji, walimu kwa wanafunzi, watuletee misemo ya kuingia na kutoka kutoka mipaka mingine: Malaba, Mutukula, Namanga, Kasumbalesa. Tafadhali msilete orodha tupu. Elezeni na nyumba iliyouzaa kila msemo.